Shule za Masista wa Loreto Kolkata: za Maskini au za Mabwana?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, Mtanzania, nafanya kazi Maskati. Zamu za usiku ninafanya na Wahindi wawili. Mmoja ni Mhindu wa Kolkata, anajisifu kwamba yeye ni 'wa konventi', kasoma kwa masista wa Loreto. Anasema Mama Teresa alifundisha kwenye shule zao, kwa hiyo zilikuwa shule za maskini. Mwenzake, Mkatoliki wa Kerala, anamcheka: zilikuwa za watoto wa Waingereza, maskini hakufika hata getini. Wamebishana wiki nzima, mwisho wakanigeukia mimi. Nani mkweli? Na inakuwaje Mhindu ajivunie konventi?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Wapatanishe kwanza, maana kila mmoja amesimama upande wake wa ukuta na anasimulia anachokiona. Nikisema ukuta nina maana ya ukuta wenyewe wa matofali, tutaufikia.

Nianzie kwenye nyumba. Katikati ya Kolkata kuna mtaa mfupi uitwao Middleton Row, unaochepuka kutoka Park Street. Karne ya 18 pale palikuwa kwa Sir Elijah Impey, jaji mkuu wa Mahakama ya Juu ya Calcutta (jina la zamani la Kolkata), yule aliyesikiliza kesi ya Nanda Kumar, mtoza ushuru Mhindi, mwaka 1775 hadi akanyongwa. Bwana huyu alikuwa na uwanja wa kufugia kulungu, na jina la Park Street limetokana na uwanja huo. Tarehe 10 Januari 1842, katika nyumba hiyo, masista walifungua shule ya wasichana wakaiita Loreto House. Ipo hadi leo. Park Street nayo kwa jina rasmi sasa ni Mother Teresa Sarani. Yaani barabara iliyobeba jina la kulungu wa jaji imepewa jina la mwalimu aliyewahi kuvaa vazi la Loreto. Na kanisa la Mtakatifu Thoma, jirani ya shule hapohapo Middleton Row, ndimo mwili wake ulimolazwa Septemba 1997 watu wapite kumuaga kabla ya mazishi ya kitaifa.

Masista wenyewe walitoka Rathfarnham, pembeni mwa Dublin, Ireland. Shirika lao lina historia ndefu zaidi ya hapo, na usipoijua hutaelewa kwa nini mimi nang'ang'ania habari za kuta.

Zamani mwanamke Mkatoliki aliyetaka utawa alikuwa na njia moja: afungiwe ndani ya ugo, asitoke mpaka jeneza limtoe. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikaza kamba hiyo katika karne ya 16. Konventi kongwe ya wanawake nchini India ilikuwa ya namna hiyo: Santa Mónica ya Goa, iliyoanzishwa mwaka 1606 na Askofu Mkuu Aleixo de Menezes. Kuta nene, madirisha ya nondo, na mabinti wa Kireno ndani. Sisi watu wa pwani Goa hiyo inatuhusu, kwa kuwa Mombasa ya Wareno ilikuwa chini ya askofu mkuu wa Goa. Yusuf bin Hasan alipelekwa huko akiwa mtoto, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kutawala. Mwaka 1631 aliwageukia Wareno waliomlea, akawaua ndani ya ngome yao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1631, huko Roma, Papa Urbano VIII alilifuta shirika la mwanamke Mwingereza aitwaye Mary Ward. Kosa lake? Mwaka 1609, mjini Saint-Omer, alikusanya wenzake akataka wawe watawa bila ugo: watembee, wafundishe wasichana, wajitawale chini ya mkubwa wao mwanamke, kwa mtindo wa Wajesuiti, shirika la watawa wa kiume. Maadui zake waliwaita wasichana wa kukimbiakimbia. Mary Ward alikamatwa, akafungwa katika konventi moja ya Munich. Kule kifungoni aliendelea kuwaandikia wenzake kwa maji ya limau kwenye karatasi za kufungia vitu. Msomaji anaipasha karatasi moto kidogo, maandishi yanatokea rangi ya kahawia. Barua hizo zimehifadhiwa. Huyo ndiye bibi wa shule aliyosoma mwenzako, ila kwa muda mrefu masista wake walikatazwa hata kumtaja kuwa mwanzilishi. Ruhusa ilitoka mwaka 1909, chini ya Papa Pius X. Kwa hiyo wale waliotua Kolkata walikuwa wanafanya kazi ya mtu ambaye rasmi hawakuwa wanamjua.

Shirika lenyewe halikufa. Lilibaki na nyumba York, Uingereza. Hapo alisoma binti wa mfanyabiashara wa Dublin, Frances Ball, aliyerudi kwao na kufungua nyumba ya Rathfarnham mwaka 1822 kwa jina la Loreto, kufuatana na mahali pa hija Italia. Kutoka Rathfarnham ndipo likaondoka kundi la wanawake 12, wakiongozwa na Mama Delphine Hart. Mfereji wa Suez ulikuwa haujachimbwa. Walizunguka Afrika nzima kwa merikebu, wakatia nanga Kolkata tarehe 30 Desemba 1841. Hesabu mwenyewe: siku 11 baadaye shule ikafunguliwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa mwanzo wa muhula atashangaa.

Nani aliwaita, na kwa nini wao? Hapa ndipo ubishi wa wenzako unapoanza kupata jibu.

Kolkata wakati huo ulikuwa mji mkuu wa Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyoitawala India. Jeshi la Kampuni lilijaa askari wa Ireland, Wakatoliki wengi. Askari anakufa kwa homa au kwa risasi, anaacha watoto, mara nyingi kwa mama wa Kihindi. Watoto hawa machotara, ambao baadaye waliitwa Waanglo-Indi, walikuwa hawana pa kushika: kwa Waingereza si Wazungu, kwa Wahindi si wenzao. Makao ya mayatima yaliyokuwepo mengi yalikuwa ya Waprotestanti, na maaskofu Wakatoliki waliona kondoo wao wanahama zizi. Wakataka masista wanaosema Kiingereza, maana Kiingereza ndiyo lugha iliyokuwa inapanda bei tangu mwaka 1835, serikali ilipoamua kuwa fedha zake za elimu ziende kwenye elimu ya Kiingereza. Masista wa Ireland walifaa: Wakatoliki, na Kiingereza chao cha nyumbani.

Basi walifungua milango miwili. Middleton Row ilipokea mabinti wa maofisa, mawakili na wafanyabiashara: piano, Kifaransa, taraza, na ada ya maana. Katika mtaa wa Entally, mashariki mwa mji, ndani ya miaka hiyohiyo ya 1840, wakaweka makao ya mayatima na shule yao. Katikati ya hizo mbili zikaja shule za kutwa kwenye mitaa ya watu wa kawaida, kama Dharamtala na Bowbazar. Ada za mlango wa kwanza zilisaidia kulisha wa mlango wa pili. Mpango huu haukuwa wa Loreto peke yao. Mashirika karibu yote ya masista waalimu ya karne ile yaliishi hivyo, na Ulaya pia. Ila hapa kwetu tukiusikia leo tunadhani ama ni unafiki ama ni utakatifu. Ulikuwa bajeti tu. Kipindupindu nacho kilikuwa hakichagui mlango, masista kadhaa wa mwanzo walizikwa mapema.

Sasa Darjeeling. Waingereza waliupata mlima ule mwaka 1835 kutoka kwa mtawala wa Sikkim, wakaufanya mahali pa kupumzisha wagonjwa wa joto la Bengal. Masista walipanda huko mwaka 1846, miaka 35 kabla reli ndogo ya mlimani haijakamilika. Ulikwenda kwa mashua, ukapokezana na mkokoteni wa ng'ombe na machela ya kubebwa na watu. Shule ya bweni ya Loreto Darjeeling ndiyo iliyompa yule mwenzako wa Kerala picha anayoishikilia: wasichana weupe waliofichwa mbali na jua, wanarudi bondeni mara moja kwa mwaka. Picha hiyo si ya uongo. Zilifuata Lucknow 1872, Asansol, mji wa reli na makaa ya mawe, 1877, na Shimla 1895, mji mkuu wa kiangazi wa serikali. Ukiziweka kwenye ramani unaona shule zinaifuata dola: bandari, reli, milima.

Na Mhindu aliingia lini? Mapema kuliko watu wanavyodhani, lakini kwa idadi ndogo. Kanuni za serikali za zile zilizoitwa shule za Wazungu ziliwekea kikomo idadi ya watoto wa Kihindi. Aliyepenya alikuwa binti wa jaji, daktari, au mwana wa mfalme. Mwaka 1912 Loreto ikafungua chuo cha wanawake Middleton Row, kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha Calcutta, na mlango ukapanuka kiasi.

Kisha likaja 1947. Waanglo-Indi kwa maelfu wakafunga mizigo kwenda Uingereza, Australia na Kanada. Madawati yakabaki matupu, na yakajazwa na Wabengali, Wamarwari (jamii ya wafanyabiashara), Waislamu, Masingasinga. Hapo ungetegemea taifa jipya lizitaifishe shule za masista, kama Tanzania ilivyofanya baada ya Azimio la Arusha. India haikufanya hivyo. Ibara ya 30 ya Katiba ya 1950 inawapa walio wachache kidini haki ya kuanzisha na kuendesha shule zao. Wakristo India ni kama 2.3 kwa kila 100 kwa sensa ya 2011, lakini shule zao zimefundisha watu wengi kuliko idadi hiyo mara nyingi. Katekisimu ni kwa Wakatoliki. Wengine kipindi hicho wanafundishwa somo la maadili. Mzazi Mhindu anajua mwanawe hatabatizwa kwa siri, na anajua atatoka na Kiingereza kilichonyooka, mwandiko mzuri, na adabu ya kukaa mezani. Ndicho anacholipia.

Kujisifu kwa mwenzako kumetoka hapo. Fungua gazeti la Jumapili la India ukurasa wa matangazo ya wachumba, utakuta familia ya Kibrahmani, tabaka la juu la Wahindu, inatafuta mke na sifa mojawapo ni "aliyesoma konventi". Hawatafuti mcha Mungu wa Kikatoliki! Wanatafuta Kiingereza. Neno limehama kabisa: huko kaskazini mwa India utaona vibao vya "Convent School" kwenye shule za watu binafsi ambako hajawahi kukanyaga sista hata mmoja. Usiwacheke. Kwetu neno seminari lilikuwa la kuwaandalia mapadri, leo Tanzania tuna seminari za Kiislamu na hakuna anayeshangaa. Gharama yake, nadhani mwenzako anaijua: katika shule nyingi za jina hilo mtoto alitozwa faini au aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake. Wewe kama ulivalishwa kile kibao cha shingoni sekondari kwa kosa la kusema Kiswahili, huhitaji kuelezwa zaidi.

Tumefika kwenye ukuta.

Agnes Gonxha Bojaxhiu, ndiye Mama Teresa mwenyewe, aliondoka Skopje Septemba 1928, akapita Rathfarnham wiki chache kujifunza Kiingereza, akafika Kolkata Januari 1929. Unovisi, yaani mafunzo ya kuanza utawa, alifanyia Darjeeling. Baada ya nadhiri za kwanza, 1931, alipelekwa Entally, na hapa sikiliza kwa makini kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Ndani ya kiwanja kile cha Entally mlikuwa na shule mbili. Moja ya Kiingereza. Nyingine, St. Mary's, ilifundisha kwa Kibengali, na walimu wake wengine walikuwa masista Wabengali wa shirika la Mabinti wa Mtakatifu Anna, waliovaa sari. Teresa aliwekwa upande wa Kibengali. Alifundisha jiografia na historia, na mwaka 1944 akawa mwalimu mkuu. Hata hilo jina la "Mama" hakupewa na maskini wa Kolkata. Ilikuwa desturi ya Loreto kumwita hivyo sista aliyeweka nadhiri za daima, naye aliziweka Mei 1937.

Nyuma ya ukuta wa Entally kulikuwa na kitongoji cha mabanda kiitwacho Motijhil. Wasichana wa chama cha Maria, wakilelewa na padri Mjesuiti Mbelgiji, Julien Henry, walikuwa wanatoka mwisho wa wiki kwenda kutembelea wagonjwa huko. Mwalimu wao hakwenda nao. Kanuni za wakati ule ziliwaweka masista wa Loreto ndani. Walitoka kwa ruhusa, kwa hospitali au kwa mafungo, siku za kusali kwa utulivu, ya Darjeeling. Umeiona kejeli yake? Mary Ward alifungwa kwa kukataa ugo, na miaka 300 baadaye wajukuu zake wanachungulia mabanda juu ya ukuta.

Tarehe 16 Agosti 1946 mji ulilipuka kwa mauaji kati ya Wahindu na Waislamu. Chakula hakikufika Entally, na mabwenini mlikuwa na wasichana kama 300. Teresa alivunja kanuni, akatoka peke yake kutafuta chakula, akaona maiti barabarani. Askari waliomkuta walimrudisha kwa lori, na wakashusha magunia ya mchele. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Septemba, akiwa kwenye treni ya Darjeeling kwenda mafungo, alisikia wito wa kutoka moja kwa moja. Alitoka tarehe 17 Agosti 1948, amevaa sari nyeupe yenye ukingo wa buluu. Desemba mwaka huo akafungua kishule, hakuna meza wala ubao, anaandika chini kwa kijiti. Wapi? Motijhil, upande wa pili wa ukuta uleule. Wengi wa waliomfuata mwanzoni walikuwa wanafunzi wake wa St. Mary's, wa kwanza akiwa Subhasini Das, Machi 1949.

Kwa hiyo mwambie mwenzako Mhindu: ni kweli alifundisha shule za Loreto, na ni kweli pia kwamba ilimbidi aondoke Loreto ili awafikie maskini wa nje. Mimi simlaumu yeye wala Loreto. Kanuni zilikuwa zimewabana wote, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, miaka ya 1960, zililegezwa.

Aliyekuja kuubomoa ukuta kutoka ndani ni mwingine, na jina lake halijulikani sana kwetu. Sista Cyril Mooney, Mwairishi, alifika India mwaka 1956, na mwaka 1979 akakabidhiwa Loreto Sealdah, shule iliyoanza mwaka 1857. Sealdah ni stesheni kubwa. Baada ya India kugawanywa, wakimbizi wa Bengal Mashariki (Bangladesh ya leo) walilala kwenye majukwaa yake miaka na miaka, na watoto wa mtaani hawajawahi kuisha hapo. Cyril alianza kuongeza wasiolipa ada hadi wakawa karibu nusu ya shule, katika darasa moja na wanaolipa, sare moja, na bila kuambiana nani ni nani. Mwaka 1985 akafungua geti kwa watoto wa barabarani waje saa yoyote. Hawakutengewa chumba cha huruma. Wasichana wa kuanzia darasa la tano, kwa zamu iliyoandikwa kwenye ratiba kama hesabu au Kiingereza, walikaa nao mmoja kwa mmoja wakiwafundisha kusoma. Wasio na pa kulala walilala juu, kwenye paa la shule. Wakaitwa watoto wa upinde wa mvua. Mtoto akishaweza, anaingizwa darasa la umri wake, Sealdah au shule nyingine.

Wazazi walioogopa chawa na ugomvi walikuwepo, bila shaka. Cyril aliendelea hadi 2011. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2007, naye alifariki Kolkata mwaka 2023.

Shirika hilihili lilifika Kenya mwaka 1921: Msongari ya Nairobi, kisha Limuru 1936, alikosoma Wangari Maathai. Na huko pia milango ilikuwa miwili, Msongari kwa mabinti wa Kizungu na Limuru kwa mabinti Waafrika, hadi karibu na uhuru. Ukikutana na Mkenya wa Limuru huko Maskati, mkalishe na huyo wa Kolkata. Watacheka kwa vichekesho vilevile vya masista.

Ila kabla hujatoa hukumu kwenye zamu yenu, muulize mwenzako swali moja ambalo hajaulizwa: alisoma Loreto ipi? Akisema Middleton Row au Darjeeling, yule wa Kerala ana hoja. Akisema Sealdah, na umri wake unaangukia miaka ya Cyril, muulize kama naye alimfundisha mtoto wa stesheni kusoma, na huyo mtoto alikuwa nani. Akisema Entally, muulize alikuwa upande wa Kiingereza au wa Kibengali, na kama dirisha la darasa lao lilitazama Motijhil.